Mzigo wa Mbwa Wetu Unabebwa na Nani?

Wakulima, mbwa tunamtaka alinde kondoo na mahindi, lakini watoto wake hatuwataki. Basi wengine wetu huwatia ndani ya gunia na kwenda kuwaacha sokoni au kando ya barabara, kisha hujiambia kwamba mambo yamekwisha. Sivyo.

Wako watu wanaowaokota. Kule Karen, Nairobi, kiko chama cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, kilichoanzishwa mwaka 1910. Katika makao ya namna hii wako wasaidizi wanaofanya kazi bila mshahara: kufagia vibanda, kugawa chakula, kuosha vidonda na kutembeza mbwa. Kazi hiyo ina furaha yake, maana mbwa hujua kushukuru. Lakini mbwa akiwa na ugonjwa usiopona, au makao yakijaa kabisa, pengine hulazimika kuuawa kwa sindano. Aliyemlisha asubuhi huenda ndiye atakayemshika jioni. Mtu akiyaona hayo mara nyingi hukosa usingizi, huwa mkali kwa watu wa nyumbani kwake, na mwisho huiacha kazi aliyoipenda.

Huo si ulegevu. Mwaka 1992, huko Marekani, Carla Joinson aliandika juu ya wauguzi wanaochoshwa na huruma yao wenyewe. Baadaye uchovu huohuo ulionekana kwa watunzaji wa wanyama. Yako mambo yanayosaidia: kazi nzito ifanywe kwa zamu, siku ya kupumzika iheshimiwe, na kila mtu awe na mwenzake wa kumweleza yaliyo moyoni.

Walakini, kwa maoni yangu, dawa kubwa iko mashambani kwetu. Tufanye hesabu. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi. Ikiwa skimu moja ina mbwa jike 20, na kila mmoja azaa watoto 5 mara 2 kwa mwaka, hao ni watoto 200. Nani atawalisha? Yafaa umwone daktari wa mifugo: dume ahasiwe, jike afungwe kizazi, na wote wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, ili hata atakayemshika mbwa wako asiwe na hofu ya kuumwa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wa mbwa twauona mwepesi kwa sababu tumemtwika mtu mwingine. Tuubebe wenyewe.