Mbwa wa lupango anahitaji mchezo, si fimbo

Katika lupango nyingi za Lubumbashi, mbwa ni mlinzi wa usiku. Mchana anafungwa mnyororo, watoto wanamtupia mawe, na akibweka anapigwa. Siku mnyororo ukikatika akamuuma mtoto wa jirani, watu wanasema ana roho mbaya. Hapana. Amefundishwa woga, na mbwa mwenye woga anauma upesi.

Kule Virunga, Kivu ya Kaskazini, walinzi wa mbuga wanatumia mbwa wa kunusa kufuata nyayo za majangili. Kwa mbwa wa namna hiyo kutafuta harufu ni mchezo: akiipata, anasifiwa na kupewa zawadi.

Mwenye mbwa Katuba ao Kampemba anaweza kufanya vilevile bila makuta mengi. Asubuhi, mbele ya jua kuwa kali, amtembeze dakika 20 kwa kamba. Amwite jina, akija, ampe tonge dogo la bukari. Afiche lingine, mbwa alitafute.

Familia zilizokimbia vita zinapofika kupanga ndani ya lupango, watoto wao ni wageni kwa mbwa. Mwenye lupango awazoeshe polepole, mtu mzima akiwa karibu.

Mchezo hauondoi chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile.

Dakika 20 za asubuhi si mzigo. Mtoto aliyeumwa ndiye mzigo, kwa lupango nzima.