Uzito wa Faili Huanzia Kwenye Kiolezo

Mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, wenye kuta, milango, madirisha na vipimo vyake, hauna sababu ya kuzidi megabaiti chache. Hata hivyo si ajabu kumkuta mhandisi yuko saiti, simu mkononi, akisubiri faili la megabaiti 30 lishuke huku bando likiteketea. Kwa Gmail lilishindikana, maana kiambatisho kikizidi megabaiti 25 hakipiti. Lawama zote huangukia mtandao, wakati mzigo wenyewe ulifungwa ofisini.

AutoCAD, programu iliyoingia sokoni mwaka 1982 na ambayo wasanifu majengo na wapima ardhi wengi bado wanaitegemea, kwa kawaida huanzisha mchoro mpya kutoka kwenye kiolezo, yaani faili lenye kiambishi cha .dwt. Kiolezo cha metriki kinachokuja nayo, acadiso.dwt, ni chepesi. Tatizo ni mazoea: mchoraji anafungua kazi ya mteja wa mwaka jana, anafuta kuta, anaihifadhi kwa jina jipya na kuendelea. Kinachofutika ni kile kinachoonekana. Leya, mitindo ya maandishi, bloku za masinki na magari, na orodha ndefu ya skeli zilizotoka kwenye michoro ya watu wengine vinabaki, na kazi ya kesho inavirithi.

Anayetaka ushahidi aandike PURGE, aone orodha ya vitu visivyotumika popote. Lakini zipo taka zilizojificha zaidi. Programu za nyongeza husajili majina yao ndani ya mchoro, na majina hayo huweza kufika maelfu. Kuyaondoa huandikwa -PURGE, kwa kistari mbele, kisha R. Mbaya kuliko hayo ni mitindo ya mistari iliyotoka kwenye mafaili ya DGN ya MicroStation, programu nyingine ya uchoraji. Hiyo huhama kwa kunakili na kubandika tu, ikaujaza mchoro hata kama hakuna mstari unaoitumia, na Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, wenyewe walilazimika kutoa zana maalumu ya kuisafisha.

Kisha kuna ISAVEPERCENT, mpangilio ambao ni wachache wanaougusa. Unakuja ukiwa 50. Maana yake AutoCAD inavumilia hadi asilimia 50 ya faili iwe nafasi iliyopotea kabla ya kuliandika lote upya. Kabla ya kufika hapo, kila unapohifadhi huongeza mabadiliko tu. Waliouweka hivyo walitafuta kasi, na kwa anayehifadhi kila baada ya dakika chache wako sahihi. Kwa faili linalokwenda kutumwa hauna faida. Ukiweka 0 kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho, faili huandikwa lote upya na ile nafasi iliyopotea huondoka.

Si kila kitu kipunguzwe, lakini. Nakala ya .bak inayobaki kila faili linapohifadhiwa hula diski, na wapo wanaoizima kwa kuweka ISAVEBAK kuwa 0. Pale ambapo umeme hukatika bila taarifa, huko ni kuchezea kazi ya wiki nzima.

Usafi huu asiachiwe kijana wa mafunzo kwa vitendo. Mkuu wa ofisi ateue mtu atengeneze kiolezo safi: leya za ofisi, skeli zinazotumika kweli kama 1:50, 1:100 na 1:200, mitindo michache ya maandishi na vipimo, na nembo iliyochorwa kwa mistari badala ya picha iliyobandikwa. Kisha kwenye OPTIONS ya kila kompyuta ielekezwe kwamba mchoro mpya ufunguke na kiolezo hicho. Kwa michoro ya kutumwa, amri ya eTransmit inaweza kupangwa isafishe na kufunga kila kitu kwenye faili moja la zipu, na ikishapangwa hakuna anayelazimika kukumbuka. Nao wanaopokea michoro kwa mtandao, wakiwemo wateja wakubwa na halmashauri, wana haki ya kuandika kwenye mkataba kwamba faili lililojaa taka litarudishwa kwa aliyelituma.