Mgeni njoo, lakini mwenyeji apone

Waswahili walipotunga methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone", hawakuwa wakiwaza dola wala hoteli za kitalii. Walijua tu kwamba siku mgeni abishapo hodi, jogoo huchinjwa, nazi hukunwa, na watoto wa nyumba hiyo, waliolala jana kwa ugali na chumvi, nao hupata kulamba vidole. Ujio wa mgeni ulikuwa heri kwa pande zote mbili. Inafaa leo tujiulize iwapo methali hiyo ingali na ukweli katika aina moja ya utalii iliyoshamiri kisiwani Unguja, ambayo sisi wa pwani ya Kenya tumeitazama kwa miaka mingi bila ya kujifunza lolote kwayo. Nayo ni matembezi ya siku moja katika mashamba ya viungo.

Kwa faida ya asiyeyajua, matembezi hayo huanza asubuhi. Magari madogo huwachukua wageni kutoka Mji Mkongwe na katika hoteli za ufukweni, yakawapeleka Kizimbani, Kidichi na vijiji vya jirani. Huko hawaonyeshwi simba wala ndovu. Huonyeshwa jani. Kijana mtembezaji huchuma jani, akalifikicha, akampa mgeni alinuse na kubashiri: je, ni mdalasini, ni mchaichai, au ni mkarafuu? Kisha hupasua tunda la kungumanga na kumwonyesha utando mwekundu uizungukao mbegu, ambao ndio basibasi, na mgeni hustaajabu kuwa viungo viwili vya jikoni kwake vimetoka katika tunda moja. Huonyeshwa pilipili manga ikitambaa juu ya shina la mti mwingine, iliki ikizaa chini karibu na udongo, na mzingefuri ambao mbegu zake hupaka midomo rangi nyekundu. Akifika penye mvanila, huelezwa kwamba ua lake huchavushwa kwa mkono wa binadamu, na kwamba mbinu hiyo iliwezeshwa mwaka 1841 na kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, katika kisiwa cha Réunion.

Baadaye mkwezi hupanda mnazi huku akiimba, akaangusha madafu. Mafenesi, mashokishoki, mabalungi na mastafeli hukatwa na kuonjwa kwa majira yake. Pilau huliwa juu ya mkeka. Mwisho wa yote huwa kibanda chenye pakiti za viungo, sabuni na mafuta, na mgeni hurudi hotelini akiwa na kofia ya makuti kichwani na harufu ya karafuu mikononi.

Wako wanaoyabeza matembezi haya wakidai kuwa ni mchezo wa kuigiza, na kwamba mkulima amegeuzwa kuwa kichekesho cha kupigwa picha. Mimi sikubaliani nao. Mgala muue na haki yake mpe. Waliobuni biashara hii walifanya jambo la akili sana. Mkarafuu huuza zao lake kwa msimu, lakini harufu yake yaweza kuuzwa kila siku ya mwaka. Aidha, mgeni aliyekuja kuota jua tu huondoka akiwa amejifunza kwamba kisiwa hiki kina watu, kina kazi, na kina elimu ya miti na dawa iliyorithiwa kizazi hadi kizazi. Hilo si jambo dogo.

Ili tuuone uzito wa jambo hili, hatuna budi kuikumbuka historia ya zao lenyewe. Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, nao uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Ni Sayyid Said bin Sultan, aliyekihamishia kisiwani kiti chake cha enzi kutoka Omani na kufariki mwaka 1856, aliyehimiza upandwe kwa wingi. Jasho lililoimwagilia mikarafuu hiyo lilikuwa la watumwa walioletwa kutoka bara. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shina la zao hili. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali iliyataifisha mashamba na kuyagawa kwa wananchi kwa mafungu ya eka tatu tatu.

Hata hivyo, kupata shamba kulikuwa jambo moja, na kupata bei lilikuwa jambo jingine. Kwa miongo mingi mkulima alilazimika kuiuza karafuu yake kwa shirika la Serikali lililoundwa mwaka 1968. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hadi ikajitosheleza, na bei katika soko la dunia ikaporomoka vibaya katika miaka ya 1980. Magendo ya karafuu kwa mashua kutoka Pemba hadi pwani yetu ya Kenya yalistawi kwa sababu hiyo hasa: mkulima alikimbilia palipokuwa na afueni. Hali ilianza kubadilika mwaka 2011, Serikali ya Zanzibar ilipoipandisha sana bei ya kununulia karafuu. Kati ya dhiki hiyo na afueni hiyo, mgeni aliyekuja kunusa majani akawa riziki mpya.

Sasa basi, turudi kwenye methali yetu. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Iwapo hata sehemu ndogo tu kati yao walifika mashambani, hizo ni nyayo nyingi juu ya udongo wa mkulima. Je, mwenyeji huyo anapona?

Tuufuate mkondo wa fedha. Mgeni anunuapo safari mjini au hotelini, fedha yake hupita kwanza kwa aliyempokea mlangoni, kisha kwa mwenye gari, kisha kwa mtembezaji. Mwenye shamba yuko mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni ndipo chungu hubaki na ukoko. Mkwezi aliyehatarisha shingo yake juu ya mnazi hutegemea bahashishi, yaani huruma ya mgeni. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini katika biashara nyingi za nchi zetu, mmoja huchumia juani na mwingine hulia kivulini. Njia ya kuliondoa jambo hili si ngumu: fungu la mwenye shamba litajwe wazi katika bei ya safari, naye alipwe kwa kila kichwa kiingiacho shambani, si kwa kukisia ukarimu wa mtu.

La pili ni uaminifu. Katika vibanda vya viungo huuzwa unga na nyuzi za rangi ya njano ziitwazo zafarani. Ukweli ni kwamba zafarani haioti Zanzibar. Ni ua la nchi za baridi na ukavu, na kiungo chake ni miongoni mwa vyenye bei ghali mno ulimwenguni. Anayeuziwa manjano au petali za ua jingine kwa jina hilo atakuja kuujua ukweli afikapo kwao, na siku hiyo hata karafuu halisi itaonekana ya uongo machoni pake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kisiwa chenye iliki, mdalasini na kungumanga kina haja gani ya kusingizia?

La tatu ni historia yenyewe. Kidichi pana hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, na wageni huipiga picha. Ni haki waipige. Lakini atakayeelezwa habari za hamamu ya binti mfalme bila ya kuelezwa ni mikono ya nani iliyoilima mikarafuu iliyomzunguka, atakuwa ameonjeshwa tunda na kufichwa mti.

Msomaji huenda akauliza, haya ya Unguja yanatuhusu nini sisi wa Kwale, Kilifi na Lamu? Yanatuhusu sana. Mzingefuri unaomshangaza mgeni kule Kizimbani ndio mbiksa tunaoulima Kwale na Lamu. Minazi tunayo, korosho tunazo, na maembe ya pwani yetu hayahitaji msifu. Tunayo asali ya nyuki wa mikoko, achari, kashata, na tembo linalogemwa alfajiri na kunywewa likiwa bado tamu. Lakini mgeni wa Diani au Malindi hupelekwa ufukweni, kisha mbugani Tsavo, kisha uwanja wa ndege. Kati ya ufuko na mbuga ziko maili nyingi za mashamba na maelfu ya wakulima ambao yeye huwaona kupitia kioo cha gari tu.

Si kwamba hatuna mfano wa nyumbani. Huko Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wanavijiji waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi na kuuza mabuu ng'ambo, na msitu uliokuwa ukitazamwa kama adui wa mkulima ukawa mshirika wake. Kisiwani Wasini, akina mama walijenga daraja la mbao juu ya matumbawe ya kale na katikati ya mikoko, na mgeni akitaka kulipita hulipa kiingilio kinachoingia katika mfuko wao. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Mlango uko mikononi mwa mwenyeji.

Mbona basi mifano hiyo haijaenea? Wengine watalaumu uvivu, jambo ambalo ni dharau na uongo. Sababu kubwa ni ardhi. Mkarafuu, mkungumanga na mnazi mrefu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vyema. Ni nani atakayepanda mti wa namna hiyo katika shamba ambalo anaweza kufukuzwa kesho? Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa watu binafsi vyeti vya ardhi katika ukanda wa pwani, huku haki za pamoja za Wamijikenda zikiachwa nje ya daftari. Walioachwa waliitwa maskwota katika nchi ya mababu zao. Ripoti ya tume ya ardhi iliyotolewa mwaka 2004, Katiba ya mwaka 2010, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013, zote zililitambua tatizo la dhuluma za ardhi nchini, na pwani ikiwamo. Kutambua ugonjwa si kuutibu. Maskwota wangalipo, nao hupanda muhogo na mahindi kwa sababu hayo huvunwa kabla notisi ya kuhama haijafika.

Sababu ya pili ni viwanda. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilichoanza kazi mwaka 1975 kilianguka katika miaka ya 1990, na wakulima wengi wakaiacha mikorosho yao ikazeeka. Mwaka 2009 Serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, hatua iliyokuwa njema kwa nia, lakini marufuku peke yake haibangui korosho. Mgeni hawezi kuonja kisichokaangwa wala kununua kisichofungwa katika pakiti.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Serikali za kaunti za pwani ziache kudhani kuwa utalii ni hoteli na ufuko tu. Zivisaidie vijiji vichache kwa kuanzia, kwa barabara ipitikayo, kwa maji na vyoo safi, na kwa mafunzo ya kuwaongoza wageni kwa lugha zao. Vyama vya ushirika vya wakulima ndivyo vipange bei ya kiingilio na kuuza bidhaa, si madalali wa mjini. Kila pakiti iandikwe kijiji ilikotoka, na kilichomo ndani kiwe ndicho kilichoandikwa nje. Na juu ya yote, suala la hatimiliki lisukumwe hadi mwisho wake, kwa kuwa hakuna matembezi ya mashambani pasipo na mwenye shamba.

Pia tusiwangoje Wazungu. Mtoto wa Nairobi au wa Kisumu aliyekulia katika pilau ya karafuu za dukani hajapata kuiona karafuu mbichi mtini, na pengine hajui kuwa ni tumba la ua ambalo halikuachwa lichanue. Shule zinazowaleta wanafunzi Mombasa kila muhula kuiona Ngome ya Yesu zingeweza kuwapa nusu siku shambani Kwale au Kilifi. Wakienda kwa haki, wakalipa kiingilio, wakaonja na kununua, mkulima atakuwa amepata wateja wa mwaka mzima ambao hawakimbii kila balozi za kigeni zinapotoa ilani za usafiri.

Mgeni na aje, tena aje kwa wingi. Aonje dafu, alambe asali, anuse mdalasini hadi roho yake iridhike. Lakini jua lichwapo na gari lake litimuapo vumbi kurudi hotelini, mkulima aliyebaki shambani awe na fedha ya ada ya mwanawe mfukoni, na cheti cha ardhi sandukuni.