Wewe unatembea mjini bure, dada yako analipa

Kaka, ukishuka matatu Muthurwa saa moja jioni ukielekea Barabara ya Tom Mboya, huwa unawaza nini? Labda simu isinyakuliwe. Labda mechi ya saa nne. Sasa muulize dada yako yeye huwaza nini akipita papo hapo.

Atakwambia anajua steji ya kukwepa kwa sababu makanga wa pale huvuta wasichana mikono. Anajua upande wa barabara wenye taa. Mkobani ana leso, hata siku ya jua kali, maana huwezi kujua. Ametia waya za simu masikioni lakini hakuna wimbo unaocheza. Anataka waamini hasikii, huku akisikiliza kila hatua iliyo nyuma yake. Akiitwa "supuu" na akaitika, amejitafutia shida. Akinyamaza, anaulizwa anamringia nani.

Hesabu hii ina gharama. Mwendo wa dakika 10 kwa miguu unalipiwa boda kwa sababu giza limeingia. Darasa la jioni linaachwa. Kazi ya zamu ya usiku inakataliwa, na si kwamba haitaki.

Usiseme huo ni woga wa bure. Novemba 2014, wanaume walimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu hapa Nairobi wakidai amevaa vibaya. Video ikasambaa, na Novemba 17 wanawake wakaandamana katikati ya jiji wakisema mavazi yao ni uamuzi wao. Kabla ya mwaka kuisha, kifungu cha 251A kiliongezwa kwenye Kanuni ya Adhabu: ukimvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo ni miaka isiyopungua 10. Machi 2022, kundi la wanabodaboda likamzingira na kumdhulumu mwanamke kwenye Forest Road. Yeye hata hakuwa akitembea, alikuwa ndani ya gari lake.

Kwa hivyo sheria ipo. Hata kumshika mtu matiti au makalio bila ridhaa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na unaweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini pale sheria hiyo inapotaja usumbufu wa kimapenzi, inamlenga mwenye mamlaka au wadhifa wa umma. Bosi anaguswa. Kijana anayekaa kwenye kona akiwatupia wapita njia maneno machafu kutwa nzima haguswi.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Umati wa kumvua mtu nguo hauchipuki ghafla. Huanza na mmoja anayepiga mluzi, wenzake wakacheka. Kesho anashika mkono, nao wakacheka tena. Akishajua hakuna wa kumwambia "tosha", atakomea wapi?

Najua utasema makanga anatafuta abiria tu, kazi ni kazi. Sawa. Mbona basi yule mzee aliyevaa koti hashikwi kiuno?

Hakuna anayekutaka upigane na steji nzima. Beshte yako akimfuata msichana akimwita majina, mwambie tu, "Wacha huyo dem apite." Asicheke mtu. Kichekesho kisichochekewa hufa haraka. Ukiona mambo yamechacha, simama karibu na huyo dada na umuulize kama yuko sawa, badala ya kutoa simu urekodi.

Nawe dada, ukidhulumiwa, nambari 1195 hupigwa bila malipo, usiku na mchana.

Leo jioni ukifika nyumbani, muulize dada yako alipitia njia gani, na kwa nini hakupitia ile fupi.