Deli Kubwa Si Mbwembwe

Anayedai kwamba deli kubwa la barafu kwenye lori la wawindaji ni mbwembwe, eti wapagazi wa Kinyamwezi wa misafara ya zamani walikausha nyama motoni, amesahau jua la Oktoba. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Angewezaje kuongeza barafu? Nyati dume akiangushwa Ipole, wilayani Sikonge, hutoa nyama zaidi ya kilo 200, na kutoka porini hadi Tabora mjini ni mwendo mrefu. Nyama ikioza, mnyama ameuawa bure!

Uzito wa deli nao ni hoja ya kweli. Basi deli likae mbele, karibu na kebini, likazwe kwa kamba. Na nyama ipoe kwanza kivulini. Ikiingia na joto lake, barafu itakwisha kabla hamjafika lami.