Nafasi za utafiti wa seli T zifunguliwe hapa Kongo

Mkongomani aliyemaliza doktora kuhusu kinga ya mwili, akitaka kuendelea na utafiti wa seli T, mara nyingi anaomba nafasi Ulaya ao Marekani. Huko kuna mshahara na mashine. Ugonjwa wenyewe uko hapa.

Seli T ni chembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizoshikwa na virusi, na kumukumbuka adui huyo kwa miaka. Shida ni kwamba inafaa zichunguzwe zikiwa hai. Damu ya mgonjwa wa Kamituga, ambako mpox ya aina ya Ib ilitambuliwa baada ya mlipuko wa 2023, inapashwa kufika laboratwari haraka, seli zitenganishwe, kisha zigandishwe ndani ya nitrojeni, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Na barabara ya Kamituga kila mtu anaijua.

Dawa ya Ebola iitwayo mAb114 ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, lakini kazi kubwa ya laboratwari ilifanyika Marekani na Uswisi.

Goma kuna laboratwari ya INRB. Januari 2025, wakati wa vita, Msalaba Mwekundu ulionya juu ya hatari ya sampuli zake umeme ukikatika. Basi wafadhili, na serikali pia, walipe mshahara wa mtafiti hapa hapa, pamoja na nitrojeni na mazuti ya jenereta. Mshahara peke yake utamuacha akiandika ripoti tu.