Kifafa cha Kijeni Si Aibu ya Ukoo

Mwandishi aliyedai kwamba kuainisha kifafa cha watoto kwa jeni ni anasa ya Ulaya, na kwamba kutazichafulia jina jamaa za Mji wa Kale wa Mombasa, amekosea mara mbili. Kwanza, si kila kifafa cha kijeni hurithiwa: katika ugonjwa wa Dravet, hitilafu ya jeni ya SCN1A, iliyotambuliwa mwaka 2001, aghalabu huanza kwa mtoto mwenyewe. Pili, uainishaji huongoza tiba: dawa ya kabamazepini, inayowafaa wengi, huweza kumzidishia mtoto mwenye Dravet degedege. Kweli, utafiti uliofanywa Kilifi umehusisha kifafa na malaria kali na matatizo wakati wa kuzaliwa. Lakini uainishaji wa kimataifa wa 2017 hauyapuuzi hayo: una makundi sita ya visababishi, la jeni likiwa moja tu. Na kuhusu jina la jamaa, uvumi, si kipimo cha jeni, ndio unaovunja posa mtaani Kibokoni. Kipimo kingewavua akina mama lawama wasizostahili. Kiletwe Pwani.